Maji ya Kwao

Harufu ilianza asubuhi moja ya Agosti, na mimi ndiye niliyelalamika wa kwanza, kama kawaida yangu. Ilikuwa harufu ya yai viza, ile inayomfanya mtu asogeze kiti kabla hajajua anakimbia nini. Nilikuwa nasugua matangi ya kioo kwenye banda letu la samaki wa mapambo, pale ufukweni ukishuka kutoka Bangwe, nikaacha kusugua nikaanza kunusa tangi moja baada ya jingine. Kwenye kazi yetu harufu hiyo ina maana moja tu. Kuna samaki amekufa, amejificha nyuma ya jiwe, na usipomtoa upesi atawaponza wenzake wote.

Hapakuwa na samaki aliyekufa. Harufu ilitoka kwenye boksi jeupe la povu lililowekwa chini ya meza ya kufungashia, na aliyelileta, Shadya, alikuwa amesimama kando yake anatabasamu kama mtu aliyeleta sinia la biriani.

"Shikamoo, mama Scola," akasema. "Samahani kwa harufu. Hicho ndicho chakula chao."

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia kwamba mimi nina samaki wa watu wanaosubiri kupanda ndege, na kama hicho ni chakula basi wageni wake wakale nje. Akacheka. Huyu binti nampenda, ndiyo maana namsema. Ni mtoto wa Ujiji, amelelewa na bibi yake, Bi Saumu, na yuko chuo kikuu anasomea bakteria. Wenzake aliocheza nao kombolela wanasomea ualimu na uuguzi. Yeye alichagua viumbe visivyoonekana kwa macho, na akianza kuvizungumzia unajikuta umeshika kitambaa mkononi na kazi umeisahau.

Safari hii alikuwa ametoka ng'ambo, upande wa Congo, kwenye rasi ya Banza. Huko, chini ya ziwa, maji ya moto hutoka kwenye nyufa za miamba, na yeye alikwenda na watafiti wenzake kuchukua matope na maji ya mahali pale. Wenzake walikuwa wameshaondoka. Yeye alibaki ili apite Ujiji kumsalimia bibi, na kesho yake apande ndege na boksi lake. Alilileta bandani kwetu kwa sababu tuna chumba chenye kivuli na ubaridi, na kwa sababu mzamiaji wao kule Banza alikuwa mtu wetu, shemeji yangu Castory.

Castory ni mdogo wake mume wangu. Alizaliwa Mwamgongo, na nadhani alijua kuogelea kabla ya kutembea. Samaki huwakamata mwenyewe kwenye mawe huko chini, na huwafungasha mwenyewe, na katika ufukwe huu sijaona mkono kama wake. Chukua frontosa, yule samaki wa milia mwenye nundu kwenye paji la uso. Castory kwanza humfungisha siku kadhaa asile kitu, ili asije akachafua maji njiani. Mimi humtania kwamba frontosa wake wanafunga kuliko anavyofunga yeye Kwaresima. Kisha huchukua mfuko wa nailoni, anatia theluthi moja maji safi, anapuliza oksijeni kutoka kwenye mtungi mpaka mfuko umevimba, anasokota shingo yake, anafunga kwa mpira, halafu anaubonyeza kwa kidole gumba na kusikiliza. Samaki wake hufika Ulaya wakiwa hai na wana njaa.

Ana sheria moja ambayo amemfundisha kila anayefanya kazi hapa. Samaki akiletwa kutoka ziwani, yale maji aliyokuja nayo hayamwagwi mpaka awe amezoea mapya. Tunayaweka pembeni na kuyaita maji ya kwao. Samaki akianza kuyumba, unamrudishia maji ya kwao kidogo kidogo, anatulia. Nimeona samaki waliokwisha kulala ubavu wakiinuka kwa maji hayo, kwa hiyo sibishani na sheria hiyo ingawa inanijazia ndoo bandani.

Basi Shadya akafungua boksi anionyeshe. Zilikuwa chupa za kioo zimejazwa maji mpaka shingoni, hakuna hata povu la hewa chini ya kifuniko. Chini ya kila chupa palikuwa na matope meusi tititi, na juu ya matope nyuzinyuzi nyeupe. Castory alikuwa ameshanisimulia alichokiona kule: maji yanayotetemeka kama hewa ya juu ya bati saa ya jua kali, mawe yaliyovaa utandu mweupe kama wa maziwa yaliyochemka, na samaki wanapita juu yake bila wasiwasi. Alipoweka mkono karibu na ufa aliurudisha mbio.

Nikamuuliza Shadya jambo ambalo lilikuwa likinikera tangu Castory aniambie. Mimi ni mtu wa Simbo, nimelima mahindi na maharage tangu utotoni, na najua kwamba chochote kinacholiwa kimeanzia kwenye jani, na jani limeanzia kwenye jua. Hata migebuka hula dagaa, dagaa hula vidudu vidogo, na vidudu vidogo hula ule ukijani wa majini unaoota jua. Sasa hawa wa kwenye nyufa, kule gizani, wanakula nini?

Akasema bibi yake aliwahi kuuliza hivyohivyo, na neno lake ndilo lililompeleka chuo. Alikuwa mdogo, wanaosha vyombo ufukweni Ujiji, wavuvi wakapita wakilalamika kwamba nyavu zikishushwa chini mno hazirudi na samaki, zinarudi na uvundo. Bi Saumu akaweka sufuria chini na kusema: kama kunanuka, basi kuna mtu anapika. Wanakula nini huko?

"Nimekuja na jibu lake, mama," Shadya akaniambia. "Liko humu kwenye chupa. Jioni nampelekea moja akaione."

Akanieleza. Maji yanapopita kwenye mwamba wa moto huko chini, mwamba huyapa vitu, na kimojawapo ni sulfidi, hiyo inayonuka yai viza. Sisi tunaona uvundo, lakini kwa bakteria hawa ule ni mkaa wa kuwashia jiko. Ndani ya sulfidi kuna nguvu imekaa tu inasubiri, kama ilivyo ndani ya mkaa, na bakteria wanajua kuitoa. Wakishaitoa, wanaitumia kujijengea mwili kutokana na ile hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, kazi ileile ambayo jani la muhindi linaifanya kwa jua. Kwenye bahari kuu, akasema, kuna mahali kina chake ni safari nzima ya kutoka hapa mpaka Ujiji iliyosimamishwa wima, jua halijawahi kufika tangu dunia iumbwe, na bado kuna vijiji vizima vya minyoo, kaa na kome wanaokula kwa jasho la bakteria kama hawa.

Nilisimama nikiwa nimeduwaa na sponji mkononi. Mkaa nimeuelewa, nikamwambia, lakini mkaa peke yake hauwaki. Nani anapepea?

Alifungua mdomo kunijibu, na simu yake ikaita. Alisikiliza. Sikuhitaji kuambiwa, kwa sababu uso wake ulibadilika palepale, akatafuta pa kukaa akakosa, akakaa chini sakafuni kwenye maji ya matangi. Bi Saumu alikuwa amefariki asubuhi hiyo, akiwa anajiandaa kumpokea mjukuu wake.

Castory alikuwa ndiyo kwanza anaingia na mashine ya boti begani. Aliitua, akamshika Shadya mkono akamwinua. Nikamsitiri kwa khanga yangu, tukamtafutia bodaboda. Alipofika mlangoni aligeuka, akatazama boksi, kisha akamtazama Castory.

"Kaka Castory, nitunzie hawa. Watunze kama samaki wako."

Castory akaweka mkono kifuani na kuitikia kwa kichwa. Alimaanisha. Wale tunaomjua tunajua kwamba mtu huyu akisema atatunza, atalala na viatu.

Nilikwenda Ujiji msibani na mume wangu. Siku za msiba nilikaa jikoni na akina mama wa pale, tukamenya vitunguu mpaka macho yakavimba kwa sababu zote mbili. Shadya alikaa mkekani na shangazi zake, hagusi chakula. Hakuna aliyemuuliza habari za chupa, wala Castory hakumpigia simu. Kwetu mfiwa haulizwi mambo ya kazi. Unafanya uwezavyo, ukikosea mtasameheana baadaye.

Niliporudi bandani, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna harufu. Kitu cha pili ni mifuko ya nailoni imepangwa ndani ya boksi la povu, imevimba vizuri, imefungwa mipira, ndani yake maji maangavu na nyuzinyuzi nyeupe zinaelea. Zile chupa za kioo zilikuwa zimeoshwa na kuanikwa.

Castory alinieleza kwa fahari iliyopoa ya fundi. Alizikuta chupa zimejaa mpaka juu, hakuna hewa hata ya kupumulia nzi. Akafungua moja, ikatoa uvundo uliomrudisha nyuma. Akajua wanakufa. Maji yanayonuka hivyo, kwa samaki, ni kaburi. Akawatoa, akawasafisha, akawabadilishia maji, akawapulizia oksijeni. Alikwisha kuona kule Banza kwamba samaki wanapita palepale walipo, kwa hiyo hewa ipo na wameizoea. Na kila asubuhi alikuwa anaibonyeza mifuko kuona kama hewa imepungua.

Jambo fulani lilinigonga kichwani. Nikamuuliza, na chakula chao je? Si binti alisema ule uvundo ndio chakula?

"Wanasafiri, shemeji," akanijibu kwa upole, kama anamfundisha mgeni. "Anayesafiri hafai kushiba."

Jibu hilo lilikuwa na akili zake zote. Nikahamia kwenye jambo ninaloliweza, yaani kugomba. Chini ya meza palikuwa na kitangi kidogo cha kioo, kile chenye ufa pembeni juu, na ndani yake alikuwa amemimina matope yote meusi na sehemu ya maji ya chupani. Maji ya kwao. Harufu yote ya mwanzo ilikuwa imehamia humo. Nikamwambia akamwage. Akasema hawajazoea bado. Kesho yake nikamwambia tena akamwage, kwa sauti ambayo hata mume wangu huitii, na jioni kitangi hakikuwepo. Nikashukuru, nikapiga deki.

Shadya alirudi baada ya wiki hivi, amekonda, amevaa baibui jeusi lililompwaya. Alimsalimia kila mtu. Akasema ndege ni kesho kutwa, profesa wake anamsubiri, na anaomba awaone wageni wake. Castory akaenda mwenyewe kulivuta boksi, akafungua kifuniko na kusimama pembeni akingoja asifiwe.

Shadya aliitazama mifuko. Akachukua mmoja, akauinua kwenye mwanga. Akaufungua mpira, hewa ikatoka kwa mluzi, akaingiza pua na kunusa. Akafungua wa pili, akanusa. Wa tatu. Nilikuwa namtazama, na niliona kwamba anatafuta ule uvundo kama mtu anayetafuta sauti ya mtoto ndani ya nyumba. Haukuwepo. Akaweka mfuko mezani polepole sana.

"Kaka Castory, nilikuomba uwatunze."

"Niliwatunza," Castory akasema.

Wote wawili walisema kweli, na kweli hiyo ilikuwa mbaya kuisikia. Shadya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akaanza kulia, na nilijua kwamba hakuwa akizililia nyuzi peke yake. Kisha, huku analia, alitueleza. Wale wanaokaa ndani ya matope meusi hawataki oksijeni kabisa. Kwao ni sumu, wanapumua kwa vitu vingine vilivyomo majini. Wale weupe wanaitaka, lakini kidogo, tone kwa tone, na lazima upande wa pili wawe na sulfidi. Yeye alizijaza chupa mpaka juu kwa makusudi. Castory alikuwa amemwaga mkaa, kisha akafungua milango na madirisha yote upepo uingie. Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la kupepea, na nikatamani nisingelipata namna ile.

Nilimuuliza kama hata waliokufa hawafai kwa masomo yake. Akafuta macho.

"Waliokufa wataniambia majina yao tu, mama. Mimi nilitaka kuwaona wakila. Ndicho bibi alichouliza."

Safari ya Banza haikuwa ya kurudiwa. Boti, watafiti, vibali vya nchi mbili, vyote vilikuwa vimekwisha. Castory alikuwa amesimama palepale, mikono imemning'inia. Mtu huyu aliwahi kupasuliwa mguu na mwamba akarudi nchi kavu anapiga mluzi. Sasa midomo ilikuwa inamcheza. Nilimwonea huruma, na mimi nikiona huruma nakuwa mkali, kwa hiyo nikamkaripia. Nikamuuliza yale matope aliyamwaga wapi, upande gani wa ufukwe, tukayazoe.

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Sikuyamwaga."

Sheria yake ilikuwa sheria. Wageni walikuwa hawajazoea, na maji ya kwao hayamwagwi, hata shemeji agombe namna gani. Alikuwa amekificha kitangi nyuma ya banda, penye kivuli, kando ya kompresa ya kupulizia matangi hewa, akakifunika gunia, mahali ambapo pua yangu haifiki.

Tulikwenda mbio. Kabla hata ya kuzunguka kona niliipata, ile harufu, nami niliyekuwa naikimbia wiki nzima niliivuta mpaka tumboni. Castory akalitoa gunia. Shadya akapiga magoti kwenye kokoto na kuweka uso wake mbele ya kioo.

Chini palikuwa na matope meusi. Juu palikuwa na maji maangavu kama ya kunywa. Katikati, mahali pasipo na kitu cha kushikilia, palikuwa na utando mweupe mwembamba umetandazwa sawasawa kutoka kioo hadi kioo, kama chandarua kilicholazwa. Haukulalia matope wala haukuelea juu. Ulikuwa umesimama hapo katikati kwa hiari yake, na mimi sijawahi kuona kitu majini kikifanya hivyo.

Shadya alinong'ona, utadhani tuko msikitini. Sulfidi inapanda kutoka kwenye matope, akasema, na oksijeni inashuka kutoka hewani, na pale ndipo zinapokutana. Mkaa na upepo. Wanakaa mlangoni hasa, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kisha uso wake ukaingia wasiwasi. Akasema anaogopa kufurahi, kwa sababu sulfidi ikikutana na oksijeni hata bila kiumbe yeyote huweza kuacha unga mweupe wa salfa. Huenda tunautazama unga tu.

Nikamuuliza basi mtu anajuaje kama kitu kisicho na jicho wala shavu kiko hai. Alifikiri. Akasema tukifunika kitangi kisiingize hewa, oksijeni iliyomo itapungua, na mahali pa kukutana patapanda juu. Unga hauna haja na chochote, utabaki palepale au utazama. Lakini aliye hai atafuata mlango wake.

Tulikiacha kitangi palepale, tusije tukauvuruga utando. Tukaleta kipande cha kioo, tukakilaza juu, Shadya akaziba ukingo wote na ule ufa kwa utepe na nta ya mshumaa. Kilichobaki ni alama, tujue ulipoanzia. Castory alichukua mpira mmoja mkubwa wa kufungia, akauvuta, akauvisha kitangi kwa uangalifu mpaka ukakaa sawa na utando. Kisha akaondoka, akaenda kukaa upande wa pili wa banda kurekebisha nyavu ambazo hazikuwa na tatizo.

Kusubiri ni kazi nisiyoiweza. Nililisha samaki, nikarudi kutazama, utando uko kwenye mpira. Nilipika chai, nikarudi, uko kwenye mpira. Shadya alikuwa hajaondoka pale magotini isipokuwa kwa sala ya adhuhuri. Nikamletea ugali na migebuka, akala matonge machache bila kuangalia sahani. Katika kusubiri huko alinisimulia mambo ya bibi yake, jinsi alivyokuwa akiwauliza maswali hata wanafunzi wa chuo wenzake Shadya wakija likizo, mpaka wakawa wanamkwepa. Alimuuliza mwalimu mmoja wa fizikia kwa nini maji ya ziwa hayachanganyiki yakafika chini yakatoa ule uvundo, na mwalimu akakumbuka kwamba ana safari. Tukacheka. Nilifurahi kumwona akicheka, nikajisemea moyoni kwamba hata kama ni unga, mchana huu haukupotea.

Alasiri nilirudi kutazama, nikaona kivuli kimenitangulia. Castory alikuwa amesimama nyuma ya Shadya, wavu bado uko begani. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Alinyoosha kidole, hakugusa kioo.

Mpira ulikuwa palepale alipouvisha. Utando ulikuwa juu yake. Kati ya mpira na utando palionekana maji, upana wa kidole, upande wa kushoto pungufu kidogo, kwa sababu huko ndiko uliko ule ufa na huenda hewa bado ilikuwa inapenya. Utando wote ulikuwa umeinama kuelekea huko.

"Wamehama," Castory akasema. "Wanakula?"

Shadya alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Aliitikia kwa kichwa mara nyingi.

"Wanakula, kaka. Sasa hivi, mbele yako. Wanakula."

Kisha akaegemeza paji la uso kwenye kioo na kuanza kuongea na Bi Saumu, moja kwa moja, kama wako jikoni wawili. Alimwambia kuna mtu anapika kweli, na alimweleza anachopika na kuni zake zinatoka wapi. Mimi na Castory tulirudi nyuma hatua kadhaa, tukatazama ziwa.

Siku ya safari walifungasha pamoja. Matope na utando vilirudi kwenye zile chupa za kioo, maji ya kwao mpaka shingoni, kifuniko juu bila povu la hewa, safari hii na kikaratasi cha maelezo kwenye kila chupa ili asipatikane Castory mwingine njiani. Castory ndiye aliyejaza, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Nilimwona akifika mwisho wa chupa ya kwanza: mkono wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye mtungi wa oksijeni, ukashika koki, ukatulia hapo. Akauangalia. Akauondoa, akaufuta kwenye suruali, akafunga kifuniko. Nadhani hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya bandani mwetu, kumfunga kiumbe hai bila hewa na kumwamini aliyemwambia kwamba atapona.

Shadya alipokuwa anapanda bodaboda aliniambia kando kwamba kwa kweli hana uhakika kama wangevumilia chupani muda wote ule wa msiba. Huenda kile kitangi ndicho kilichowafikisha. Nikamwambia asithubutu kumwambia Castory, maana kichwa kitamvimba tukose pa kukaa. Akaniachia tope kidogo kwenye kitangi, akasema wale waliobaki ni wa bibi.

Kitangi kiko chini ya meza ya kufungashia mpaka leo, na bado kimevaa ule mpira. Siku hizi nikifika asubuhi, kabla sijawasha taa wala kugusa sponji, nanusa kwanza. Nikiipata ile harufu, nafungua madirisha na kuanza kazi.